Kama haturuhusiwi kupiga, kijiko ni cha nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake mliichapa majuma mawili yaliyopita. Alilalamika kwamba maonyesho ya sanaa ya siku hizi yamegeuka viwanja vya watoto, kwamba watu wazima wanapanda bembea na kutambaa ndani ya mahema huku wakiambiwa kuwa hiyo ndiyo sanaa, na kwamba heshima ya mchoraji na mchongaji imeshuka kwa sababu hiyo. Barua yake ilikuwa ya adabu na hoja yake si ya kupuuzwa, kwani wengi wanafikiri kama yeye. Lakini mimi nafundisha somo la Sanaa na Michezo katika shule ya msingi hapa Dar es Salaam, na jambo nililolishuhudia mwaka jana nikiwa na wanafunzi wangu limenifanya niamini kwamba tatizo letu liko upande wa pili kabisa: hatuchezi vya kutosha, na pale msanii anapotualika tucheze, wenye ukumbi hutuzuia.

Tuliwapeleka watoto 42 wa darasa la tano kwenye maonyesho ambayo sitayataja jina, wala ukumbi wake sitautaja. Katika chumba cha mwisho palikuwa na sufuria kuukuu, kama thelathini hivi, zimening'inizwa darini kwa kamba za katani. Nyingine zilikuwa bado na masizi, nyingine zimebonyea, na moja kubwa, ya aina ile ya kupikia pilau ya shughuli, ilining'inia chini kiasi cha kumfikia mtoto kiunoni. Kando ya kila sufuria palifungwa kijiko au mwiko. Ukutani palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa msanii mwenyewe, ikisema kwamba kazi hii ni ya kupigwa, kwamba mgeni aingie katikati, apige apendavyo, kisha asikilize mwenzake anapiga nini. Lakini sufuria zote zilikuwa zimezungushiwa kamba ya manila, na mbele ya kamba alisimama mlinzi, kijana mpole, aliyeniambia, "Mwalimu, naomba uwarudishe watoto nyuma kidogo, hizi haziguswi." Nilipomwonyesha ile karatasi alinieleza kwamba siku ya kwanza watu waliruhusiwa, ila siku ya pili mwiko mmoja ulikatika na sufuria moja ikadondoka, ndipo uongozi ukaagiza kamba ifungwe. Simlaumu yeye, kwa kuwa alikuwa akitekeleza alichoagizwa.

Watoto walisimama wakitazama vijiko vilivyotulia. Msichana mmoja, ambaye darasani si msemaji, akanivuta mkono na kuniuliza, "Mwalimu, kama haturuhusiwi kupiga, kijiko ni cha nini?" Sikuwa na jibu la kumpa, na ndiyo sababu ninaandika barua hii. Alichokiona mtoto yule ni kwamba nyuma ya kamba hapakuwa na kazi ya sanaa tena. Palikuwa na sufuria kuukuu tu, kama zile zilizoko nyuma ya jiko la nyumba yoyote.

Aina hii ya sanaa, ambayo baadhi yetu tunaiita sanaa ya kusimika na wasanii wenyewe wengi huiita instalesheni, haitundikwi ukutani ikangoja macho. Inajaza chumba au uwanja, nawe unaingia ndani yake kama unavyoingia nyumbani kwa mtu. Ziko zinazotaka utazame tu, na hizo nazo ni nzuri. Lakini ziko ambazo msanii amezitengeneza nusu kwa makusudi, na nusu ya pili ameiacha mikononi mwa mgeni. Kazi ya namna hiyo usipoigusa ni kama ngoma iliyowambwa ikatundikwa ukutani bila kupigwa.

Jambo hili kwetu si geni hata kidogo. Anayesema "Kitendawili!" hana kitendawili mpaka watu waitikie "Tega!", na wakishindwa wampe mji ndipo awafungulie. Msimuliaji akisema "Paukwa" na baraza likanyamaza, hadithi haiondoki. Kwenye taarabu, shabiki huinuka kitini, akasogea mbele kwa madaha na kumtunza mwimbaji, na kila aliyeko ukumbini anajua kwamba kule kuinuka kwake, na ubeti aliouchagua kuinukia, ni sehemu ya wimbo na ni ujumbe kwa mtu fulani. Katika fasihi simulizi tunawafundisha wanafunzi kwamba fanani hakamiliki bila hadhira. Sijui kwa nini tukivuka mlango wa jumba la sanaa tunaisahau elimu hiyo, tukafunga mikono nyuma na kunong'ona kana kwamba tumeingia msibani.

Msomaji mwenzangu aliitaja bembea kwa masikitiko, nami nataka nikae kwenye bembea hiyo hiyo. Mwaka 2017 kikundi cha wasanii wa Denmark kiitwacho Superflex kilifunga bembea katika Turbine Hall, ukumbi mkubwa wa jumba la Tate Modern jijini London, ambao zamani ulikuwa sehemu ya mitambo ya kituo cha kufua umeme. Bembea zile hazikuwa za mtu mmoja. Kila kiti kilitengenezwa kwa ajili ya watu watatu, na bomba la rangi ya chungwa lililozibeba lilipinda na kupita katika ukumbi hadi nje ya jengo. Aliyewahi kukaa kwenye bembea ya watu watatu anajua inavyokuwa: mmoja akisukuma miguu kabla ya wenzake, kiti kinayumba upande na hakiendi popote, mkisukuma pamoja, kinaondoka. Watu wasiojuana walilazimika kuhesabu kwa sauti moja, na jina la kazi yenyewe lilitokana na hesabu hiyo ya moja, mbili, tatu. Mimi nimezaliwa Unguja, ambako tunasema pembea, na nimekua nikizingoja pembea za Sikukuu pale Mnazi Mmoja mwaka mzima, kwa hiyo sihitaji kuelezwa furaha ya kitu hicho. Ninachotaka msomaji mwenzangu akione ni kwamba wasanii wale walichukua furaha ambayo kila mtu anaijua, wakaigeuza kidogo tu, kwa kurefusha kiti, na kugeuza huko kukamfanya mtu mzima agundue kwa mwili wake kwamba peke yake hawezi.

Wala wasanii wale si watu wa mzaha. Kikundi hicho hicho, miaka 20 kabla ya bembea za London, kilikuja kwetu. Mwaka 1997, kikishirikiana na shirika la Kitanzania la SURUDE, kilifanyia majaribio katika shamba dogo la katikati ya Tanzania mtambo wa gesi inayotokana na samadi, uliokusudiwa kuipatia familia moja nishati ya kupikia na ya taa kutokana na ng'ombe wachache tu. Kwao kifaa cha jikoni kijijini na bembea ya ukumbini ni kazi ya aina moja, kwa kuwa vyote viwili havina maana mpaka watu wavitumie.

Kuna mfano mwingine wa zamani zaidi ambao kila mwalimu angepaswa kuufahamu. Mwezi Oktoba 1968, msanii Palle Nielsen, ambaye naye alikuwa Mdenmark, aligeuza ukumbi wa jumba la Moderna Museet mjini Stockholm kuwa mahali pa watoto kucheza kwa majuma matatu. Aliwawekea mbao, nyundo, rangi, nguo za kuigizia, vinyago vya kuvaa usoni, vipaza sauti, na shimo lililojaa magodoro ya sponji la kurukia kutoka juu. Watoto waliingia bure, na watu wazima ndio waliotozwa kiingilio. Walioingia walizidi 33,000, na kati yao watoto walikuwa wapatao 20,000. Nielsen alisema kwamba pale hapakuwa na maonyesho yoyote, isipokuwa kwa wale wasiocheza. Neno hilo nimelifikiria sana tangu siku ile ya kamba ya manila. Sisi tulioletwa tutazame vijiko tulikuwa na maonyesho mbele yetu. Tungeruhusiwa kupiga, tungekuwa na kitu kingine, kikubwa zaidi.

Sasa nije kwenye hoja ya uharibifu, kwa sababu uongozi wa ukumbi ule haukufunga kamba kwa ukorofi. Sufuria ilianguka kweli, na ingeweza kumwangukia mtoto. Hili ni jambo zito na historia yake ni ndefu. Mwaka 1971, msanii wa Marekani Robert Morris aliijaza Tate Gallery ya London mbao ghafi, kamba, mabomba makubwa ya kuviringisha, mbao za mizani za kupandia na miteremko ya kutambaa, akawaalika watu wapande, wasukume na wavute. Walipanda, wakasukuma, wakavuta kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitarajia. Siku chache tu baada ya kufunguliwa, sehemu hiyo ya maonyesho ilifungwa kwa sababu watu walikuwa wakiumia, wengine kwa vibanzi vya mbao, na vifaa vyenyewe vilikuwa vikivunjika. Kama habari ingeishia hapo, mwenye kamba angekuwa ameshinda. Haikuishia hapo. Mwaka 2009, Tate Modern, jumba la taasisi hiyo hiyo, iliijenga upya kazi ile katika Turbine Hall, safari hii kwa mbao zilizolainishwa na kwa mahesabu ya usalama, na watu wakaipanda tena, wakiwamo, bila shaka, watu wazima ambao mwaka 1971 walikuwa watoto au hawajazaliwa. Ilichukua miaka 38, lakini taasisi ile ilikubali kwamba lililopaswa kurekebishwa ni mbao.

Si kila mara hali huwa rahisi hivyo. Mwezi Oktoba 2010, katika ukumbi huo huo, msanii wa China Ai Weiwei alimwaga sakafuni mbegu za alizeti zipatazo milioni 100, zote zikiwa za kauri, kila moja ikiwa imepakwa rangi kwa mkono na mafundi wa mji wa Jingdezhen, ambao hesabu yao ilifika kama 1,600. Wageni walikusudiwa kuzikanyaga, kuziviringisha kiganjani na kulala juu yake. Siku chache baadaye watu walizuiwa kuingia, kwa kuwa mbegu zikisagana chini ya miguu zilitoa vumbi la kauri ambalo lingeweza kudhuru mapafu. Hapo kamba ilikuwa na haki yake, maana vumbi halirekebishwi kwa fundo jipya. Ninakiri hilo bila kusita. Lakini mwiko unaokatika si vumbi la kauri. Mwiko unaokatika unafungwa mwingine, na sufuria inayodondoka inafungwa kwa waya badala ya katani, kazi ambayo fundi yeyote wa mtaa wa Gerezani angeimaliza asubuhi moja kabla ya mlango kufunguliwa.

Msomaji mwenzangu anaweza kusema kwamba mchezo huipunguzia sanaa uzito, na kwamba mambo mazito ya maisha hayachezewi. Kwake ningependa kuieleza kazi moja ya Felix Gonzalez-Torres, msanii aliyezaliwa Cuba na kufanya kazi Marekani. Mwaka 1991 alirundika peremende kwenye kona ya chumba, zikiwa na makaratasi ya rangi mbalimbali yanayong'aa, uzito wake ukiwa ratili 175, yaani karibu kilo 79. Mgeni anaruhusiwa kuchukua peremende, kuifungua na kuila. Mtoto huchukua kwa furaha, na mtu mzima huchukua kwa aibu kidogo. Kisha anasoma kwamba kazi ile ni picha ya Ross, mwenzi wa msanii huyo, aliyefariki mwaka huo kwa UKIMWI, na kwamba wengi huuelewa uzito wa rundo kuwa ni uzito wa mwili wake alipokuwa na afya. Kila anayechukua anaupunguza mwili ule, nao wenye jumba wanaweza kuujaza tena. Sisi ambao katika miaka ya tisini tuliwaona ndugu zetu wakipungua vitandani, wiki hadi wiki, mpaka shuka likabaki kama halina mtu chini yake, hatuhitaji mtu wa kututafsiria. Picha ya mafuta ingenionyesha sura ya Ross. Peremende ile iko mdomoni, tamu, na mtu anatambua kwamba ameshiriki.

Nalo jambo hili halifanywi na wasanii wa ng'ambo peke yao. Kampala, katika tamasha la KLA ART la mwaka 2014, wasanii waligeuza bodaboda kuwa kazi za sanaa zilizopita mitaani, zikimfuata mwananchi badala ya kumngoja ukumbini. Mwaka 2022, katika maonyesho ya documenta ya kumi na tano mjini Kassel, Ujerumani, kikundi cha Wajukuu Art Project kutoka Mukuru, Nairobi, kilifunika mlango wa jumba la documenta Halle kwa mabati yenye kutu, hata mgeni wa Ulaya akaingia kwa kupita katika njia ya giza iliyojengwa kwa vitu vya mtaani kwao, nacho kikatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode ya mwaka huo. Ndani ya jengo lilelile kikundi kutoka Thailand kilikuwa kimejenga mteremko wa mbao wa kuteleza kwa ubao wa magurudumu, nao vijana waliteleza kweli. Na kwenye bustani ya Karlsaue, The Nest Collective, nao wa Nairobi, walijenga nyumba kwa marobota ya mitumba, yaani nguo zile zile ambazo Ulaya inazituma kwetu. Ilibidi uingie ndani ya marobota ndipo uione filamu yao. Wanunuzi wa masoko ya Karume na Gikomba wanajua robota linavyonuka likifunguliwa, na sasa aliyeivaa na kuitupa nguo ile alizungukwa nayo.

Kuna upande mmoja ambao naungana na msomaji mwenzangu bila shida. Mchezo ukishageuzwa biashara tupu, hupoteza kilichoufanya uwe sanaa. Msanii Carsten Höller aliweka mabomba matano ya kutelezea katika Tate Modern mwaka 2006, na kwa kuwa yalikuwa ndani ya jumba la umma, katikati ya watu wanaotazama na kushangaa, mtu aliyetetemeka kule juu na kucheka alipofika chini alikuwa sehemu ya kitu kinachotazamwa na wote. Miaka kumi baadaye bomba lake jingine, lenye urefu wa mita 178, lilifungwa kwenye mnara wa ArcelorMittal Orbit katika bustani ya Olimpiki ya London, na huko unalipa, unateleza, unaondoka. Sisemi ni kosa. Nasema tu kwamba mimi hilo la pili nisingewapeleka wanafunzi kulijifunza. Vivyo hivyo vyumba vinavyopambwa taa na vioo ili mtu apige picha ya kuweka mtandaoni na kutoka bila kugusa kitu wala mtu havinivutii, hata viitwe instalesheni mara mia.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa maonyesho katika miji yetu ni la mambo ya kawaida. Mnapoikubali kazi inayohitaji mikono, ulizeni siku hiyo hiyo ya kwanza nani ataitengeneza ikikatika, na fedha ya kamba, waya na miko ya akiba iwekwe kwenye bajeti pamoja na fedha ya mabango na vinywaji vya ufunguzi. Badala ya mlinzi wa kuzuia, wekeni kijana wa kukaribisha, anayejua kufunga fundo na anayeweza kumwambia mtoto, "Subiri mwenzako amalize, kisha wewe." Asubuhi za siku za kazi, kumbi zikiwa tupu, zifungulieni shule bila kiingilio. Wala msidhani kwamba kazi hizi zote ni za gharama. Roman Ondák, msanii wa Slovakia, alibuni kazi mwaka 2007 ambayo vifaa vyake ni kalamu nyeusi na ukuta mweupe tu: kila mgeni anasimama ukutani, anawekewa alama ya urefu wake, jina lake na tarehe, kama mzazi anavyompima mtoto kwenye fremu ya mlango, na baada ya majuma kadhaa ukuta una ukanda mweusi mzito pale urefu wa wengi ulipokutana. Kalamu na ukuta hazikosekani katika wilaya yoyote ya nchi hii.

Baada ya ziara ile, watoto waliniomba tufanye ya kwetu. Kila mmoja alileta kutoka nyumbani kitu kilichochakaa, kwa ruhusa ya mama au bibi, nasi tukavifunga kwa waya kwenye mwembe ulio nyuma ya madarasa, sufuria kumi na saba, karai moja na kifuniko cha pipa. Mara ya kwanza walipiga wote kwa pamoja mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Wiki ya pili walianza kupokezana, na yule msichana asiye msemaji ndiye aliyegundua kwamba karai likipigwa ukingoni hutoa sauti inayodumu, hivyo akawa anawangojesha wenzake mpaka mlio uishe ndipo aruhusu mwingine aingie. Hadi ninapoandika barua hii miko mitatu imekatika. Imefungwa mingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa shule ya msingi,
Dar es Salaam